Rut Aliyehesabu Makovu

Kule Ikombe, kijiji cha Wakisi, mahali milima ya Livingstone inapotumbukiza miguu ziwani, msichana akichoma vyungu vyake vya kwanza wanawake hawamwulizi vimepona vingapi. Humwuliza, "Vimepasuka vingapi?"

Rut alipoulizwa swali hilo hakuwa bado Rut. Jina hilo alilipata miaka mingi baadaye, pamoja na maji ya ubatizo. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu hivi, mwembamba, uso umechimbwachimbwa na makovu ya ndui iliyomshika akiwa mdogo. Akajibu, "Vitatu. Na vya kesho kutwa vitapasuka vinne, maana nyasi za kuchomea bado zina maji."

Wanawake wakacheka hadi wakashika mbavu. Kesho kutwa vikapasuka vinne.

"We mtoto, umevifanyia uchawi?" shangazi yake akamwuliza.

"Sijui kipi kitapasuka, shangazi. Najua vingapi."

Hakuna aliyemfundisha jambo hilo. Alikuwa na chungu kilichovunjika mdomo, na kila baada ya kuchoma alitia humo kokoto moja kwa kila chungu kilichopasuka: kokoto nyeupe wakati wa kiangazi, nyeusi wakati wa mvua. Baada ya misimu miwili alikuwa akitia mkono humo, anazipima kwa vidole, na kusema kabla moto haujawashwa. Wanawake wakazoea. Wakati fulani vilipasuka kumi na kimoja kati ya ishirini, wote wakalaumu upepo. Rut akakataa. Moto ni ule ule, akasema, basi tatizo ni udongo. Wakaenda shimoni wakakuta jirani yao amechota udongo wa juu wenye mchanga ili asichoke kuchimba. Tangu siku hiyo, hesabu yake ikienda kombo, hakuitupa. Aliuliza kitu gani kimeingia ambacho yeye hakukiona.

Akaolewa na Lazaro, mpiga kasia mrefu mwenye maneno machache, wakamzaa Enoki. Ule mwaka ng'ombe wa Wanyakyusa, jirani zao wa bondeni, walipokufa kwa maelfu na bonde zima kunuka, ndui ikarudi ufukweni. Rut akawauguza wakwe zake wote wawili. Alilala nao mkeka mmoja, akawaosha usaha, akawalisha kwa mkono wake, wala hakupata hata joto la paji la uso. Alitazama pia wengine. Kila aliyekuwa na makovu ya zamani aliingia kwenye nyumba za wagonjwa akatoka mzima. Aliwahesabu: thelathini na mmoja. Hakuugua hata mmoja.

"Mwili ni udongo," alimwambia Lazaro. "Ukiwa mbichi, maji kidogo tu yanaufanya tope. Ukishapita motoni, umwagie hata ziwa zima."

"Na anayeshindwa motoni?"

"Huyo ndiye kigae, mume wangu. Tumewazika."

Mambo mengine mawili aliyashika mwaka ule. Mtu asiye na kovu akikaa na mgonjwa, homa humjia kama siku kumi na mbili baadaye. Na kila mgonjwa, watu wakiendelea kumtembelea kama ilivyo desturi, huwapa ugonjwa watu wanne hivi. Wengine walimpa mmoja, wengine saba. Ukijumlisha na kugawanya, wanne. Hivyo ndivyo vyungu navyo hupasuka.

Miaka ikapita. Wazungu wa misheni wakajenga, Wajerumani wakapandisha bendera, kodi ya kichwa ikaja, na vijana wa Ikombe wakaenda upagazi ili kuilipa. Mwaka 1912 mpagazi mmoja alirudi nyumbani na homa. Siku ya tatu uso wake ukaota vipele. Wazee walipomtazama hawakuhitaji kuambiwa jina la kitu kile.

Watu walimiminika kumjulia hali, na alipokufa walimiminika kumzika. Siku ya kumi na mbili wakaanguka wanne. Baada ya siku kumi na mbili nyingine, kumi na wanne. Rut, ambaye sasa alikuwa mwanamke wa makamo na sauti inayosikika ng'ambo ya maji, akasimama mbele ya nyumba ya msiba akanyoosha mikono kuziba mlango.

"Asiye na makovu haingii humu."

"Unatuzuia kumlilia ndugu yetu?" mzee mmoja akafoka. "Tangu lini Mkisi anazikwa na watu watano kama mbwa?"

"Atazikwa na watu sita, tata, mzee wangu, na wote wenye makovu. Wewe lia kutoka pale kwenye mwamba. Ndugu yako atakusikia."

Walimtukana. Mwanamke mmoja alimtemea mate miguuni. Rut akafuta mguu, akabaki mlangoni. Alichagua watu wenye makovu, sitini na mmoja katika kijiji cha watu mia mbili na arobaini, akawagawia nyumba za wagonjwa kama mtu anayegawa kazi ya kuchimba udongo: ninyi mtapika, ninyi mtaosha, ninyi mtazika. Wengine wote wakae mbali. Zamu iliyofuata ya siku kumi na mbili wakaanguka watano badala ya hamsini. Zamu ya pili akaanguka mmoja. Ya tatu, hakuna. Yule aliyemtemea mate akaja na samaki wawili waliokaushwa, akawaweka mlangoni kwa Rut, akaondoka bila kusema. Ndivyo Wakisi wanavyoomba radhi wakiwa na aibu.

Ndipo ikaja amri ya boma.

Ikombe ni mawe. Mlima umesogea hadi majini, na shamba la kijiji kizima unaweza kulivuka ukiwa umebana pumzi. Watu wa huko hula kwa vyungu vyao. Mwanamke hupanga vyungu mtumbwini, huvuka hadi gulio la Lyulilo, na Mnyakyusa anayetaka chungu hukijaza mahindi au maharage. Nafaka inabaki kwa mfinyanzi, chungu kinakwenda na mnunuzi. Lyulilo ndiyo ghala lao. Sasa karani wa boma na askari wawili walikuwa wamekaa pale ufukweni, na amri ilisema mtumbwi wowote utakaotia nanga kutoka upande wa mashariki utachomwa moto. Hadi lini? Hadi daktari wa boma atakaposema. Daktari alikuwa juu milimani, safari ya siku nyingi, na dawa ya chanjo aliyoletewa kutoka pwani ilikuwa imeharibikia njiani kwa joto.

Mwezi wa kwanza watu walikula akiba. Mwezi wa pili walikula usipa mtupu, dagaa wa ziwa lile, asubuhi usipa, jioni usipa, na watoto wakaanza kuvimba miguu. Rut aliwatazama wajukuu zake wawili, watoto wa Enoki, wakilamba chungu kilichopikiwa mahindi juma lililopita. Akamwambia mumewe, "Nipeleke Lyulilo."

"Watauchoma mtumbwi."

"Hatutatia nanga. Utausimamisha pale maji yanapofika mapajani, nami nitasimama majini. Amri haikutaja maji."

Karani wa boma aliitwa Gideoni, kijana wa Ikolo aliyesoma misheni, mwenye kalamu sikioni na viatu vilivyokuwa vinazama mchangani. Alipomwona mwanamke amesimama ziwani, nguo imefungwa juu ya magoti, alikuja mbio huku akishika kofia.

"Rudi! Rudi kwenu! Husikii amri?"

"Ugonile, Karani."

Gideoni akasita. Mtu wa kule hawezi kuacha salamu ya mama ikaanguka chini, hata akiwa na viatu. "Nagonile, juba, mama yangu. Lakini rudi."

"Nitarudi. Kwanza nisaidie hesabu. Naambiwa umesoma."

"Nimesoma hesabu zote nne," akasema Gideoni, akiinua kidevu.

"Mimi nina moja tu. Mgonjwa mmoja wa ndui anawapa watu wanne. Baada ya siku kumi na mbili, wale wanne kila mmoja anawapa wanne. Wangapi?"

"Kumi na sita."

"Siku kumi na mbili tena?"

"Sitini na wanne."

"Tena?"

"Mia mbili hamsini na..." Gideoni akageuza macho kuelekea Ikombe. Askari mmoja akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Kijiji changu kina watu mia mbili na arobaini," Rut akasema. "Kwa hesabu yako tumekwisha. Mbona nimesimama hapa?"

"Mungu amewahurumia."

"Amenihurumia kwa kunipa akili. Sasa hesabu upya. Kati ya wale wanne wanaomkaribia mgonjwa, watatu wana makovu ya zamani. Anampa nani?"

Gideoni akaitoa kalamu sikioni, akachora mistari mchangani. "Mmoja."

"Na huyo mmoja?"

"Mmoja. Na huyo, mmoja. Haukui. Unatembea tu."

"Na wakiwa na makovu wote wanne?"

"Sifuri."

"Sifuri ni kitu gani?"

"Ni hakuna, juba."

"Basi tumeelewana. Sisi nasi tunasema hakuna." Rut akasogea hatua moja ufukweni, maji yakamfika magotini. "Mwandikie daktari. Mwambie Ikombe italeta vyungu kwa mikono ya wenye makovu peke yao. Hawawezi kuugua, na asiyeugua hawezi kuwapa watu wenu kitu. Nitawakagua mimi mwenyewe, mmoja mmoja."

"Mfinyanzi anamfundisha daktari kazi?"

"Mfinyanzi ana wajukuu wenye njaa. Andika, mwanangu. Ukiona haya, andika kwamba umewaza mwenyewe."

Gideoni hakuandika kwamba amewaza mwenyewe, na hilo ni la kumsifu. Jibu likaja baada ya siku tisa. Daktari amekubali kujaribu. Lakini akiugua mtu mmoja tu miongoni mwa hao wenye makovu, hesabu ile ni ya uongo, na mitumbwi yote tisa ya Ikombe itachomwa.

Rut alikagua watu wake ufukweni mchana kweupe. Alijua mahali pa kutazama: usoni, maana ndui hula uso kuliko mahali pengine popote. Akawashika videvu, akawageuza kwenye jua, akapitisha kidole. Hamsini walipita. Wa mwisho katika mstari alikuwa Felista, mkewe Enoki, aliyeolewa kutoka Lupingu, mbali kusini. Naye Lazaro, baba mkwe wake, alikuwa palepale akifunga kamba ya mtumbwi.

Mkwe haonyeshi uso wake kwa baba mkwe. Desturi hiyo ni nzito. Mke wa kijana akisikia kikohozi cha baba mkwe njiani, huingia porini. Felista alikuwa amejifunika nguo hadi machoni na ameinama. Rut akanyoosha mkono kuifunua ile nguo, akamwona Lazaro, akaurudisha mkono.

"Una makovu?" akamwuliza kwa sauti ya chini.

Felista akatoa mikono yake nje ya nguo. Ilikuwa na mashimo madogo ya mviringo kuanzia kiwiko hadi kifundo.

"Haya, pita."

Gulio la kwanza lilikuwa sherehe. Wanyakyusa walikuwa wamekaa miezi wakipikia vyungu vyenye nyufa, na waliwapokea Wakisi kwa vigelegele. Jioni mitumbwi ilirudi imelala maji kwa uzito wa nafaka. Gulio la pili likapita vizuri. Kule Ikombe kulikuwa na mgonjwa mmoja tu, mpagazi mwingine aliyerudi na ndui, ametengwa katika nyumba ya juu karibu na chemchemi, naye alikuwa anapona.

Siku ya gulio la tatu, jua likiwa utosini, Felista aliinuka na chungu kichwani, akayumba, akaanguka. Tuntufye, mwanamke wa Lyulilo aliyekuwa akipima maharage, alimdaka. Wengine wakaja kumwinua. Mwili wake ulikuwa unawaka. Siku tatu baadaye, katika kibanda walichomlaza kando ya gulio, vipele vikatokeza.

Habari ilimkuta Rut akifinyanga. Alipofika Lyulilo, mitumbwi mitano iliyokuwa pale ilikuwa imekwisha kuvutwa juu ya mchanga, na askari walikuwa wanairundikia matete. Mingine minne ilikuwa imetumiwa watu wa kuileta. Gideoni alisimama na barua mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

"Mwenye makovu ameugua, juba. Hesabu yako imekufa."

Watu walikuwa wamejaa. Malafyale wa pale, mtawala wa nchi ile, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mbali kidogo, na nyuma yake sauti zilipanda. "Waongo hawa! Wametuletea kifo ndani ya vyungu!"

Rut akarudi kwenye hesabu zake. Kama mwenye kovu anaweza kuugua, basi yote aliyoyajua tangu ujana ni bure, na ile mitumbwi ni haki yake kuungua, na Ikombe itakula mawe. Lakini ndui ile ya mwaka wa ng'ombe, thelathini na mmoja, hakuna aliyeugua. Mwaka huu, sitini na mmoja walikesha na wagonjwa, hakuna aliyeugua. Sasa mmoja. Moto ni ule ule. Basi ni udongo.

"Nipe nafasi nimwone mgonjwa," akamwambia Gideoni.

Aliingia kibandani, akaketi mkekani, akafunua uso wa mkwe wake. Kati ya vipele vipya, ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto. Hakuna shimo hata moja la zamani. Akaushika mkono.

"Felista. Haya ni makovu ya nini?"

Midomo ya Felista ilikuwa imekauka. "Ya moto, juba. Nilikuwa mdogo, kwetu Lupingu. Chungu kilipasuka tanuruni, vigae vikaniruka."

"Ukanyamaza."

"Watoto walikuwa hawasimami kwa njaa. Nikasema nikienda, nitarudi na mahindi. Halafu nilikuwa nampelekea maji mgonjwa wa kwenye chemchemi, kwa kuwa wote walijua nina makovu." Akalia bila machozi. "Niue, juba."

"Nyamaza, mwanangu. Kunywa." Rut akamnywesha maji polepole. "Wewe umeficha neno moja, na mimi sikutazama uso. Tumefanana."

Alipotoka nje, Lazaro alikuwa amefika na mitumbwi ile minne. Rut akasimama mahali ambapo malafyale, karani, mumewe na umati wote wangemsikia.

"Felista hana makovu ya ndui," akasema. "Ana makovu ya moto. Mfinyanzi gani asiyejua kovu la kigae? Mimi hapa ninayo." Akainua mikono yake. "Nilipaswa kumtazama usoni. Sikumtazama kwa sababu baba mkwe wake alikuwa karibu, nikaiheshimu desturi kuliko kazi yangu. Kosa ni langu. Sio la hesabu."

Lazaro akainamisha kichwa. Kikundi cha vijana kikazomea. "Sasa amepata kisingizio! Ati moto!"

"Nyamazeni," malafyale akasema. "Mwanamke, utatuonyeshaje kwamba husemi hivyo ili kuokoa mitumbwi?"

Rut alikuwa ameisubiri nafasi hiyo. "Kwa kukuambia yatakayotokea, malafyale. Felista aliguswa na watu kumi na mmoja siku aliyoanguka na siku zilizofuata. Nimemwuliza aliyeniletea habari. Sita ni watu wangu wenye makovu ya kweli. Nendeni mkawatazame usoni. Hawataugua. Watano hawana makovu: Tuntufye, binti zake wawili, mpiga mbiu wenu, na yule mzee muuza chumvi. Kati ya hao watano wataugua wawili, pengine watatu. Homa itawaanza kuanzia siku ya kumi hadi ya kumi na nne. Wawekeni peke yao kuanzia leo, nami na watu wangu tutawalisha. Mkifanya hivyo, katika Lyulilo nzima hataugua mwingine."

"Watakuwa wepi?" Tuntufye akauliza kutoka kwenye umati. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Ni mimi? Ni wanangu?"

Rut akamgeukia. Angeweza kumdanganya. "Sijui, dada yangu. Najua wangapi tu. Lakini nitakuwa ndani pamoja nanyi."

"Na akiugua mtu wa nje ya hao watano?" Gideoni akauliza.

"Utanipa mimi kijinga cha moto, nami nitaanza na mtumbwi wa mume wangu."

Malafyale akawaambia askari waondoe matete. Askari wakamtazama Gideoni. Gideoni alikuwa na amri iliyoandikwa mkononi, na mtu wa boma hulipa kwa viboko amri anayoichelewesha. Akaikunja ile barua, akaitia mfukoni. "Siku thelathini," akasema. "Nitasema mvua iliyazuia matete kuwaka."

"Mvua gani?" askari mmoja akauliza, akitazama mbingu iliyokauka.

"Ile nitakayoiandika."

Vibanda viwili vikajengwa nje ya kijiji. Rut aliingia na hakutoka. Siku ya kwanza hadi ya tisa, wale watano walikuwa wazima, wakacheza bao, wakagombana juu ya chumvi. Binti mkubwa wa Tuntufye alimtania Rut kwamba ndui imeogopa uso wake. Siku ya kumi na moja Tuntufye alishindwa kula. Siku ya kumi na mbili mpiga mbiu alianza kutetemeka. Nje, watu walihesabu siku kwa kuchora mistari kwenye mgomba. Siku ya kumi na tano ikapita, na ya kumi na nane. Wale wengine watatu walibaki wazima. Lyulilo nzima hakuugua mwingine, wala wale sita wenye makovu.

Mpiga mbiu hakupona. Rut mwenyewe alimfunga sanda na kuchimba kaburi pamoja na watu wake, na jioni ile hakutaka chakula. Alikuwa amesema wawili, wakawa wawili. Lakini hakuna hesabu iliyokuwa imemwambia kwamba atakuwa mpiga mbiu yule mwenye sauti nzuri, aliyekuwa akimwita shemeji. Tuntufye alipona. Felista pia alipona, na uso wake ukawa kama wa mama mkwe wake.

Siku ya thelathini gulio lilijaa kuliko siku zote za maisha yake. Malafyale alisimama, jambo ambalo hafanyi kwa watu wa kawaida, akashukuru kwa lugha yake, "Ndaga fijo, juba Rut," na umati ukaitikia hadi mlimani. Vijana wale waliozomea ndio walioisukuma mitumbwi tisa majini, mmoja mmoja, wakiimba. Tuntufye, uso bado una magamba, akajaza chungu cha Felista mahindi, akakitikisa yakatulia, akajaza tena hadi yakamwagika.

Gideoni akaja na karatasi na wino. Daktari ametaka kujua njia ile imetoka kwa nani, maana anataka kuitumia kwingine.

"Niandike nini, juba? Niandike ni wazo la watu wa ufukweni?"

Rut alikuwa amechoka, na mikono yake ilinuka dawa za mitishamba. Lakini alinyoosha mgongo. Kwa muda wa miaka yote alikuwa amesikia watu wake wakiandikwa kwa idadi: wapagazi kumi, vibanda arobaini, vichwa vya kodi mia. Hakuna karatasi hata moja ya boma iliyokuwa na jina la mwanamke wa Kikisi aliyejua jambo.

"Andika Rut. Rut wa Ikombe, mfinyanzi. Na uandike herufi kubwa, ili asiseme hakuona."

Gideoni akaandika, herufi kubwa, akamwonyesha. Rut hakujua kusoma, lakini aliitazama ile karatasi hadi wino ukakauka.

Hawajamaliza, wakatokea wanaume wawili kwenye njia ya Bujonde, vumbi hadi magotini. Walisimama mbali, kama watu wanaojua wametoka mahali pabaya. Mtawala wao, malafyale wa Bujonde, amewatuma. Kwao wameanguka sita, na watu wanataka kukimbia kila mtu upande wake.

"Msikimbie," Rut akasema. "Mkikimbia mnaigawa. Wenye makovu mnao wangapi?"

Wakatazamana. "Hatujawahi kuwahesabu, juba."

"Ndiyo kazi ya kwanza. Tutawatazama usoni, awepo baba mkwe asiwepo." Akamgeukia Lazaro. "Vyungu vyangu vya juzi viko kivulini. Felista avichome."

Lazaro akaitikia kwa kichwa. Rut akatwaa kifurushi chake cha nguo, lakini kabla hajakiweka kichwani, mmoja wa wale wajumbe alikipokea kwa mikono miwili, na mwenzake akachukua kibuyu chake cha maji. Wakamtanguliza. Katika njia ile ya Bujonde, wanaume wa malafyale wakatembea nyuma ya mfinyanzi, wamembebea mzigo.